Alama za jenetiki za maharage

Alama za jenetiki za maharage ni vipande vya DNA vinavyotofautisha aina moja ya maharage (*Phaseolus vulgaris*) na nyingine. Mmea huu una jozi 11 za kromosomu, na jinomu yake ya rejea, iliyotokana na mmea wa Andes uitwao G19833, ilichapishwa mwaka 2014.

Mwanzoni, kabla ya alama hizo, watafiti walitegemea fazeolini, protini ya mbegu, ambayo ilisaidia kubainisha makundi mawili makuu: la Andes na la Amerika ya Kati. Baadaye zilifuata alama za DNA, zikiwemo mikrosateliti (vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia) na tofauti za besi mojamoja.

Kutengeneza alama ya usugu dhidi ya ugonjwa huanza kwa kupandanisha mimea sugu na isiyo sugu, kisha kutafuta kipande kinachorithiwa pamoja na usugu. Alama ya SU91, kwa mfano, huonekana kwenye jeli kama mstari wa jozi besi 700 hivi, nayo huambatana na usugu dhidi ya ukaukaji wa majani unaosababishwa na bakteria wa *Xanthomonas*. Hivyo mzalishaji huchagua miche kwa kupima DNA ya jani, bila kusubiri ugonjwa. Hata hivyo, majaribio ya shambani bado ni ya lazima.