Daktari, bingwa au tabibu? Usajili wa madaktari Tanzania unavyofanya kazi

Mgonjwa anayeteremka kutoka Kidia, Old Moshi, kupitia Kiboriloni hadi mjini anaweza kuonwa na wahudumu watatu tofauti ndani ya wiki moja: zahanati ya kijijini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mawenzi, kisha KCMC. Wote atawaita "daktari." Kisheria wote siyo madaktari, na hata walio madaktari hawako kwenye ngazi moja.

Kwa Tanzania Bara, mwenye daftari la madaktari ni Baraza la Madaktari Tanganyika, maarufu kama MCT. Linafanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2017 inayowahusu madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi. Zanzibar ina baraza lake, kwa sababu afya si jambo la Muungano.

Anayepatikana zaidi kwenye zahanati za vijijini ni tabibu. Huyu amesoma stashahada baada ya kidato cha nne, siyo shahada ya udaktari. Juu yake kuna daktari msaidizi, kada iliyoanza miaka ya 1960 nchi ilipokuwa na madaktari wachache mno. Huyo ni tabibu aliyefanya kazi kisha akarudi darasani, na kwa miaka mingi ndiye aliyefanya upasuaji wa uzazi kwenye hospitali nyingi za wilaya. Kuwaita "madaktari feki" ni kuwakosea. Wana usajili wao na mipaka yao ya kazi.

Daktari kamili huanzia chuo kikuu. Shahada ya udaktari, ile inayotolewa pia Moshi kwenye chuo cha KCMC, ni ya miaka 5. Akihitimu bado hajaruhusiwa kufanya kazi peke yake. Anapewa usajili wa awali na kwenda kwenye utarajali wa mwaka mmoja hospitalini, akizungushwa idara kubwa: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi. Huyo ndiye "intern" anayekutana na wagonjwa wodini usiku. Anatibu, ila chini ya usimamizi.

Akimaliza na kutimiza masharti ya Baraza, anapata usajili kamili. Hapo ndipo anaitwa daktari wa kawaida, au kama wengi wanavyosema, "GP."

Na hapa ndipo watu wengi wanachanganya mambo. Uingereza, daktari wa familia lazima asome mafunzo ya ziada, na tangu mwaka 2006 ana daftari lake maalumu, tofauti na la mabingwa. Tanzania "GP" hana masomo ya ziada. Ni daktari aliyemaliza utarajali na hajaenda kusomea ubingwa. Anayetaka kubobea kwenye tiba ya familia huisomea kama ubingwa mwingine wowote. Chuo Kikuu cha Aga Khan, Dar es Salaam, ni mojawapo ya vyuo vilivyofundisha fani hiyo.

Ubingwa basi unapatikanaje? Siyo kwa uzoefu. Daktari anaweza kufanya kazi miaka 20, akajifungulisha nusu ya kata, akaheshimika hadi Marangu, na bado kwenye daftari akabaki daktari wa kawaida. Bingwa ni aliyesoma shahada ya uzamili ya tiba katika fani moja, kwa kawaida miaka 3 hadi 4, kisha akaomba Baraza limwandike kama bingwa wa fani hiyo. Asipoomba, cheti chake ukutani hakitoshi. Na aliyeandikwa bingwa wa macho siyo bingwa wa moyo, hata kama kibao cha kliniki kimeandikwa "daktari bingwa" bila kusema wa nini.

Kibao cha namna hiyo kinastahili swali moja tu: bingwa wa nini?

Juu ya bingwa kuna bingwa bobezi, aliyesoma tena ndani ya fani yake, mfano bingwa wa watoto aliyeendelea na moyo wa watoto. Kumbuka pia kwamba "Dkt." mbele ya jina inaweza kuwa ya shahada ya uzamivu, hata ya historia au kilimo. Haina uhusiano na kuandika dawa.

KCMC kuna mfano mzuri wa jinsi ngazi hizi zinavyofanya kazi pamoja. Tangu mwaka 1992 kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kinachofundisha matabibu kutoka nchi mbalimbali za Afrika kwa stashahada ya juu. Wanaotoka hapo wanaijua ngozi kuliko madaktari wengi wa kawaida. Lakini hawasajiliwi kama mabingwa, kwa kuwa njia yao ya masomo ni nyingine.

Madaktari wa kigeni, ambao Moshi si wageni, nao hawaruki utaratibu. Profesa kutoka Ulaya anayekuja kufanya upasuaji kwa wiki mbili anahitaji usajili wa muda kabla ya kushika kisu. Mtanzania aliyesoma udaktari nje anapitia mtihani wa Baraza kabla ya utarajali.

Kwa mgonjwa, tofauti hizi zinagusa mfuko. Bima ya NHIF hulipa ada ya kumwona daktari kulingana na ngazi yake, na hospitali binafsi nazo hutoza bingwa zaidi. Anayetozwa bei ya bingwa ana haki ya kujua kama kweli kaonwa na bingwa. Usajili peke yake pia hautoshi, maana daktari lazima awe na leseni iliyo hai, na kuihuisha kunadai aendelee kujisomea. Jina lake likikosekana kwenye daftari la madaktari, kabla ya kumhukumu ni vizuri kuuliza kada yake. Huenda ni tabibu, na yuko kwenye daftari jingine.