Vita ya vimini: Kariakoo ilipogombana na vijana wake

Mwanzoni mwa Oktoba 1968, kituo cha mabasi cha Kariakoo hakikuwa mahali pa msichana aliyevaa gauni linaloishia juu ya goti. Magenge ya vijana wa kiume yaliwasubiri wasichana pale pale basi linapofunga breki. Aliyeshuka na kimini au na nguo ya kubana alizomewa, akasukumwa, na wapo waliopigwa. Ikabidi askari wa FFU, kikosi cha kutuliza ghasia, waletwe Kariakoo kwa sababu ya urefu wa sketi.

Habari hii imekuwa ikinirudia tangu Juni 1, 2021, siku Mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, alipotolewa ukumbini Dodoma kwa sababu ya suruali aliyovaa. Watu walibishana mitandaoni kana kwamba nchi hii haijawahi kukosana na suruali. Imewahi, tena kwa amri ya chama, na ugomvi ule haukuishia kwenye nguo. Ulifika hadi kwenye santuri.

Aliyeifukua kesi hiyo kwa kina ni mwanahistoria Andrew Ivaska, katika kitabu chake Cultured States cha mwaka 2011. Yeye ndiye ninayemfuata zaidi hapa, na kwa mambo ya kale zaidi namfuata Terence Ranger, aliyeandika historia ya ngoma ya beni mwaka 1975. Inaniuma kidogo kwamba vijana wa mitaa ya Msimbazi na Sikukuu wamehifadhiwa vizuri zaidi katika vitabu vya wageni kuliko katika mtaa wao wenyewe. Lakini hilo nitalirudia.

Kariakoo yenyewe imezaliwa na vijana waliolazimishwa. Jina linatokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, waliopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Vita ilipokwisha, ngoma iliyotamba mjini ilikuwa beni: magwaride, tarumbeta, kofia za kijeshi na vyeo vya kujipachika. Kulikuwa na pande mbili. Marini walijiona waungwana, watu wa pwani na wenye elimu. Arinoti ilikuwa ya wachukuzi, vibarua na watu waliotoka bara. Anayeujua utani wa Simba na Yanga hahitaji kuelezwa zaidi. Maofisa wa kikoloni waliwatazama wachezaji hao kwa wasiwasi, wakihofu kwamba nyuma ya mchezo ule wa jeshi kuna jeshi lenyewe.

Kilichoiondoa beni mjini hakikuwa wasiwasi wa maofisa. Kufikia miaka ya 1930 vijana waliokwenda shule walianza kuiona ni ya kishamba, ngoma ya baba zao, wakahamia kwenye dansi: suti, gitaa, mwanamke na mwanamume kushikana katikati ya ukumbi. Dar es Salaam Jazz ni ya wakati huo. Miaka ya 1950 sinema zikaleta koboi, na wapo vijana wa mjini waliotembea kwa kofia pana na jinzi mithili ya waliowaona kwenye skrini. Serikali ya mkoloni iliwaita wahuni, ikafanya misako na kuwarudisha wasio na kazi makwao vijijini. Neno hilo, wahuni, lilirithiwa na serikali ya Uhuru likiwa zima, halina hata mkwaruzo.

Desemba 1962, akihutubia taifa baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Alilalamika kwamba wengi wamejifunza rumba, chachacha, twisti na hata waltz, lakini ni wangapi wanaoijua gombe sugu, kiduo au lelemama? Swali lilikuwa zuri. Ila lilimkuta kijana wa Kariakoo aliyezaliwa mjini, jirani zake wa makabila 10, akiishi kwenye nyumba ya Kiswahili yenye vyumba 6 na ua mmoja. Gombe sugu angeijulia wapi?

Sasa tuingie kwenye vita yenyewe. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio lililoitwa Operesheni Vijana. Kuanzia Januari 1, 1969, vilipigwa marufuku vimini, mawigi, krimu za kujichubua, suruali za kubana na kaptura fupi mno. Sababu iliyotolewa ni kwamba hivyo vyote ni utumwa wa kigeni unaoshusha heshima ya Mwafrika. Azimio lilikuwa na miezi kadhaa kabla ya kuanza kazi, lakini kwa wale wa kituo cha mabasi miezi hiyo ilikuwa mirefu mno. Walianza wenyewe.

Hapo ndipo magazeti yalipowaka moto. Uhuru na The Nationalist yalikuwa ya chama, na msimamo wao ulijulikana. Lakini The Standard, ambalo serikali ilikuwa bado haijalitaifisha, lilifurika barua za wasomaji, na wengi walioandika humo hawakuunga mkono. Hoja zao zilikuwa kali kuliko nyingi ninazozisoma leo. Kama kimini ni cha kigeni, je, suti ya kiongozi imefumwa Ujiji? Suruali yenyewe, hata ile isiyobana, ilitoka wapi? Na kama tunarudi kwenye asili, mbona wapo mababu waliovaa pungufu ya hicho kimini?

Barua zilizochoma zaidi ziligusa Umasaini. Katika miaka hiyo hiyo serikali ilikuwa kwenye kampeni ya kuwataka Wamasai waache lubega na kupaka ngeu, wavae suruali na wawe watu wa kisasa. Kwa hiyo, kaskazini mwananchi alikosa kwa kuvaa kiasili, na Dar es Salaam mwananchi mwenzake alikosa kwa kuvaa kizungu. Waandishi wa barua waliliona hilo mara moja, wakauliza ni kitambaa gani hasa, chenye urefu gani, kitakachomfanya Mtanzania aonekane Mtanzania bila kukamatwa.

Upande wa pili nao ulikuwa na uchungu wake, na Ivaska anaueleza vizuri. Sensa ya 1967 iliikuta Dar es Salaam ikiwa na watu zaidi ya 272,000, mara mbili ya idadi ya miaka 10 nyuma. Kijana wa kiume aliyeingia mjini bila kazi aliwaona wasichana wa umri wake wakipata kazi za ukarani na uchapaji maofisini, wakilipwa mshahara wao wenyewe. Jioni aliwaona wakipewa lifti na naizesheni, wale wakubwa wapya waliorithi viti na magari ya wazungu. Ile hasira ya kituoni, kwa maelezo haya, ilikuwa ya mtu aliyeachwa na basi. Kimini kilikuwa karibu, naizesheni alikuwa ndani ya gari na vioo vimepandishwa. Akapigwa aliyefikika.

Nakubaliana na maelezo hayo, ingawa nadhani yanawapa wale wapigaji heshima kubwa kuliko stahili yao. Wapo vijana wengi wasio na kazi ambao hawakumpiga mtu.

Jambo moja linanifurahisha katika sakata hili: wanawake wa mjini waliandika. Waliandika magazetini kwamba mshahara ni wao, miguu ni yao, na kwamba wanaume wanaopiga kelele juu ya maadili ndio hao hao wanaowafuata jioni. Si kawaida kuisikia sauti ya mwanamke kijana wa Dar es Salaam ya mwaka 1968 ikiwa imechapishwa, tena kwa ubishi ule. Tukumbuke pia kwamba hatukuwa peke yetu barani. Banda alikuwa na marufuku yake Malawi, na Idi Amin akaja na yake Uganda mwaka 1972. Ukombozi wa Afrika, kwa namna fulani, ulipimwa kwa rula kutoka gotini.

Januari 1969 ilipofika, Operesheni ilianza, na mji haukusimama. Lakini wakubwa walikuwa wamegundua kwamba nguo zina muziki wake. Santuri za James Brown, Wilson Pickett na Otis Redding zilikuwa zimeiteka mioyo ya wanafunzi na makarani vijana, na madansi ya soul yalijaza kumbi. Wazazi walilalamika, na shule pia. Novemba 1969, uongozi wa Mkoa wa Pwani, ambao Dar es Salaam ilikuwa ndani yake wakati huo, ukapiga marufuku muziki wa soul.

Hebu fikiria kidogo. Muziki wa watu weusi wa Marekani, waliokuwa barabarani wakidai haki zao, unapigwa marufuku katika mji ulioongoza kwa kuwapokea wapigania uhuru wa bara zima. Waliosema soul ni ubeberu hawakuona tatizo. Vijana waliokuwa wakiicheza waliliona, na ubishi ukarudi tena magazetini.

Soul ilikufa? Ilikufa, ila kwa kufuata ratiba yake yenyewe. Waliokuwa na miaka 18 mwaka 1969 walifikisha 25, wakaoa, wakapangiwa kazi Tabora na Songea. Wadogo zao walitaka kitu kingine: afro kichwani, suruali za bugaluu na pekosi zinazofagia sakafu, na viatu vya raizoni vya kumwongezea mtu urefu ambao Mungu hakumpa. Katika albamu ya familia yetu ipo picha ya mjomba amesimama na raizoni zake mbele ya mchoro wa ndege studioni, uso umekakamaa kama waziri. Leo ndiye anayewafokea wajukuu kwa suruali zilizochanika magotini.

Kicheko kikubwa zaidi katika historia hii kimo kwenye bendi. Mwaka 1971 ilianzishwa Vijana Jazz. Mwenye bendi alikuwa nani? Umoja wa Vijana wa TANU, wale wale wa Operesheni Vijana. Miaka miwili baada ya kuwasaka wapenzi wa mitindo ya kigeni, jumuiya ikawa na magitaa ya umeme, ngoma za kizungu na wanamuziki wa kulipa mshahara. Na bendi ilikuwa nzuri! Ilipofika miaka ya 1980, Hemed Maneti akiimba mbele, vijana wa mji huu waliifuata kwa mapenzi ambayo azimio lolote lisingeyaleta. Bendi nyingi zilikuwa hivyo, mali ya jumuiya, mashirika na viwanda: NUTA ya wafanyakazi, Urafiki ya kiwanda cha nguo. Kila moja na mtindo wake, na kila mtindo na wafuasi wake, Msondo kwa Sikinde, Marini na Arinoti waliobadili nguo.

Kariakoo ilitoa mtoto wake mkubwa katika kipindi hicho, Marijani Rajab, aliyezaliwa humo mwaka 1955. Alipoimba na Safari Trippers alikuwa kijana akiwaimbia vijana, kwa Kiswahili cha uani na kibarazani. Alifariki mwaka 1995, na nyimbo zake bado zinapigwa redioni kila zinapohitajika zilipendwa. Nimepita Kariakoo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, sijaona kibao chenye jina lake. Soko lilipoungua Julai 10, 2021, ghafla kila mtu alimkumbuka Beda Amuli, msanifu aliyelichora jengo lile lililofunguliwa mwaka 1975. Labda na wanamuziki tunasubiri moto.

Yaliyofuata yanajulikana. Rap ikaingia kwa kanda na video. Saleh J alionyesha mapema miaka ya 1990 kwamba inaweza kusemwa kwa Kiswahili, Kwanza Unit wakaundwa mwaka 1993, redio binafsi zikaanza mwaka uliofuata, na Bongo Fleva ikawa kazi ya watu. Uswahilini kulikuwa na mchiriku na vinanda vyake vidogo vya Casio, kisha singeli, yenye kasi ambayo mjomba wa raizoni anaiita kelele. Wote hao waliitwa wahuni kwa zamu. Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) liliufungia wimbo Mwanza wa Rayvanny na Diamond. Miaka 49 ilikuwa imepita tangu marufuku ya soul, mwezi ni ule ule.

Nyumba nyingi za vyumba 6 za Kariakoo zimebomolewa, ghorofa zimesimama, na kwenye kumbi za zamani kuna kontena za viatu kutoka China. Pale Gerezani sasa ni mwendokasi. Ukishuka ukashika Mtaa wa Congo, utakuta masanamu ya plastiki ya nusu mwili, kiuno na miguu tu, yamepangwa barabarani yakiwa yamevalishwa jinzi za kubana. Spika iliyo juu ya meza inapiga singeli. Juzi mgambo wa jiji walitokea upande wa Uhuru, na vijana wauza jinzi wakakumbatia kila mtu miguu yake miwili miwili ya plastiki, wakatoka mbio kuelekea Msimbazi. Spika waliiacha. Iliendelea kupiga.