Kuta Zangu, Ardhi ya Mtemi: Jinsi Nyumba Zilivyouzwa kutoka Unguja hadi Unyanyembe

Katika karne ya 19, mfanyabiashara wa Unguja aliyetaka kwenda bara kutafuta pembe za ndovu mara nyingi alianza safari kwa kuiuza nyumba yake. Aliiuza bila kuihama. Aliandikisha hati ya bei ya khiyari: nyumba, au shamba la mikarafuu, inauzwa kwa tajiri kwa fedha taslimu, lakini muuzaji anabaki na haki ya kuikomboa kwa bei ileile ndani ya muda waliopatana. Muda huo wote yeye na watu wake wanaendelea kukaa humo kama wapangaji, na kodi wanayolipa ndiyo inayokuwa faida ya tajiri, maana riba ni haramu katika Uislamu. Akirudi na pembe za kutosha, nyumba yake. Akichelewa, au akirudi mikono mitupu, nyumba imekwenda.

Fedha hizo zilinunua vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba, zikalipa wapagazi wa Kinyamwezi, na huko mwisho wa mwendo wa miezi mitatu minne kutoka Bagamoyo zikasimamisha nyumba nyingine: tembe la Unyanyembe, utemi wa Wanyamwezi wenye mji wa Tabora. Ndiyo maana naamini historia ya makazi ya Tabora haiwezi kuandikwa bila kuanzia kisiwani. Matembe mengi ya wafanyabiashara pale Kazeh, kama Tabora ilivyoitwa zamani, yalikuwa na ndugu yao Unguja aliyewekwa rehani.

Wenye fedha walikuwa hasa Wahindi. Kampuni ya Jairam Shivji ilishika forodha ya Sultani kwa miongo kadhaa, na Taria Topan, Khoja aliyekuja kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa pwani nzima, ndiye aliyemkopesha mfanyabiashara wa misafara Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Wanahistoria Thomas McDow na Fahad Bishara wamezipekua hati za aina hii kwa mamia, na katika kazi zao msomaji anaona jinsi nyumba ya Unguja, deni la Mhindi na tembe la bara vilivyofungwa kwa kamba moja.

Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walifika Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, wakapokewa na mfanyabiashara wa Kiarabu Snay bin Amir. Waarabu waliokaa hapo wakati huo hawakuzidi 25, na katika majira ya safari walibaki wachache sana. Kabla yao alikwishakuwapo Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa mmoja wa wa kwanza kuifungua njia hiyo. Alipopita mwandishi wa habari Henry Stanley mwaka 1871, Tabora ilikwisha kuwa na nyumba zaidi ya 1,000 za kila aina, na watu aliowakadiria kufika 5,000.

Tembe lilijengwa kwa namna ya ngome. Kuta nene za udongo zinazunguka ua wa ndani, paa ni bapa, limelazwa boriti na fito kisha likafunikwa udongo, na mbele kuna baraza pana la kupokelea wageni. Nyuma ya baraza ni ghala la pembe na nguo, halafu vyumba vya wanawake na watumishi. Mwenye uwezo aliweka mlango wa nakshi kama wa Mji Mkongwe wa Unguja, na nje akapanda ngano, mpunga, vitunguu na miembe. Udongo wote ule ulikandwa na mikono ya watu, na wengi wao walikuwa watumwa. Tukizisifu nyumba hizo bila kuwataja hao, tunakuwa tumesifu mlango tu.

Sasa swali linalomhusu kila mnunuzi wa nyumba hata leo: je, kiwanja kilikuwa cha nani? Kwa mila ya Wanyamwezi ardhi haikuwa bidhaa. Ilikuwa chini ya mtemi, yaani mtawala wao, na wasaidizi wake, mtu akapewa mahali pa kulima na kujenga, na akiondoka mahali pale panarudi kwa wenyeji wampe mwingine. Mgeni kutoka pwani aliweza kujivunia kuta, boriti, mlango na miti aliyoipanda. Uwanja ulikuwa wa utemi. Chini ya Mtemi Fundikira wa Unyanyembe mambo yalikwenda kwa amani. Alipofariki mwishoni mwa miaka ya 1850, akamrithi Mnywa Sere, ambaye aliwatoza ushuru wafanyabiashara hao, nao wakakataa. Vita vikaanza, Waarabu wakamsimika Mkasiwa mahali pa Mnywa Sere, na Snay bin Amir akauawa. Kwa maneno mengine, wenye kuta walipoona mwenye ardhi hawafai, walimbadilisha. Hapo Unyanyembe ilipata jeraha lililochukua miaka mingi kupona.

Lililofuata liliwagusa hata waliokuwa wamekaa Unguja. Mtemi Mirambo wa Urambo alifunga njia ya kwenda Ujiji, na Agosti 1871 watu wake wakachoma sehemu ya Tabora yenyewe. Fikiria hali ya mdaiwa. Pembe ziko upande wa pili wa vita, wapagazi wanakula posho bila kutembea, na kule kisiwani siku za khiyari zinahesabiwa. Vita kati ya Mnyamwezi na Mwarabu katikati ya bara viliweza kuamua nani alale katika nyumba gani Shangani au Malindi, mitaa ya Unguja.

Nyumba ambayo wasomaji wengi wameisikia ni tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji. Stanley alikaa humo mwaka 1871 akisubiri njia ifunguke. Akaenda Ujiji, akamkuta mmisionari David Livingstone, wakarudi pamoja Februari 1872. Stanley aliondoka Machi, Livingstone akabaki hadi Agosti akingoja wapagazi na mizigo. Mwaka uliofuata msafiri wa Kiingereza Luteni Cameron naye akakaa humohumo, na ni hapo alipokutana na watumishi wa Livingstone, akina Chuma na Susi, wakiuleta mwili wake kutoka Ilala. Jengo la sasa lilijengwa upya mwaka 1957 kuwa makumbusho. Ni nyumba iliyopokezana wageni kama gesti, na hakuna kati yao aliyeimiliki. Hata wenye mji wenyewe hawakuwa na uhakika. Said bin Salim al-Lamki, aliyemsindikiza Burton na kisha akawa liwali wa Waarabu wa Unyanyembe kwa miaka mingi, mwishoni mwa miaka ya 1870 alifukuzwa na wenzake akafia Uyui.

Wajerumani walipandisha bendera Tabora mwaka 1890, na Januari 1893 Mtemi Isike wa Unyanyembe aliona heri ajilipue kwa baruti ndani ya boma lake kuliko kukamatwa. Karibu miaka mitatu baadaye, tarehe 26 Novemba 1895, amri ya Kaisari ilitangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenye kuthibitisha ni mali ya dola. Mwaka 1897 ikaja kodi ya nyumba na vibanda. Kwa mara ya kwanza serikali ilizihesabu nyumba moja moja, na ilizihesabu ili izitoze.

Kisha ikaja reli, nayo ilipindua thamani ya makazi kuliko vita vyote. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kigoma ikapewa stesheni na bandari. Ujiji, ambayo ilikuwa mji mkubwa wa ziwani tangu enzi za misafara, ikaachwa kilomita chache pembeni, na maduka yakaanza kufuata treni. Tabora ilipata bahati kinyume chake: ikawa njia panda, hasa baada ya tawi la Mwanza kukamilika mwaka 1928. Aliyekuwa na nyumba karibu na stesheni alipandishiwa thamani bila kuongeza tofali.

Waingereza nao walikuja na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, iliyoweka karibu ardhi yote chini ya Gavana na kumpa mtu haki ya kuitumia tu. Miji ikagawanywa: Uzunguni viwanja vikubwa vyenye miti, Uhindini maduka yenye makazi nyuma au juu, na huku kwingine, kama Ng'ambo na Isevya kwa upande wa Tabora, nyumba za Kiswahili. Nyumba hizi zilistahili heshima kubwa kuliko ziliyopewa. Ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani jiko na choo. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja au viwili, vingine anapangisha. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1922, waliokuwa watumwa na watoto wao, wakiwamo Wamanyema wengi wa Tabora na Ujiji, walipata katika nyumba hizi kitu ambacho mabwana zao wa zamani walikuwa nacho: mlango wa kuufunga wenyewe na chumba cha kuingiza kodi. Wanawake wengi walijenga. Mama mwenye vyumba vitatu vya kupangisha hakuhitaji kuomba kwa mume wala kwa kaka.

Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilitaka kuruhusu Waafrika kumiliki ardhi moja kwa moja, iuzwe na kununuliwa kama mali nyingine. Mwaka huohuo ambao TANU ilifanya mkutano wake wa Uamuzi wa Busara hapa Tabora, Mwalimu Nyerere aliandika andiko aliloliita Mali ya Taifa akipinga jambo hilo. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu anamiliki jasho lake, yaani nyumba na mazao, bali ardhi hakuiumba. Mzee yeyote wa Unyanyembe angeielewa hoja hiyo bila kufafanuliwa. Na aliyeshika dhamana ya ardhi serikalini kuanzia 1959 alikuwa Mtemi Abdallah Said Fundikira mwenyewe, mjukuu wa kiti kilekile kilichowapa wafanyabiashara wa kwanza mahali pa kujenga. Baada ya Uhuru akawa Waziri wa Sheria, na mapema mwaka 1963 akajiuzulu. Mwaka huo utemi ulifutwa, na hati za umilikaji wa milele zilizotolewa na Wajerumani zikageuzwa kuwa upangaji wa miaka 99 kwa serikali.

Unguja ilipita njia kali zaidi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa na majumba mengi ya Mji Mkongwe yakachukuliwa. Bara zamu ilikuja Aprili 1971: majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo mwenyewe hakai humo yakawa mali ya umma, karibu majengo 3,000 nchi nzima, mengi yakiwa ya Watanzania wenye asili ya Asia. Yaliyozidi miaka 10 hayakulipwa fidia. Yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaingizwa Shirika la Nyumba la Taifa. Nakubali kwamba kodi za wakati ule ziliwaumiza wapangaji. Lakini familia nyingi za wenye duka zilizoweka akiba ya maisha katika nyumba moja ya ghorofa ziliondoka nchini zikiwa na masanduku tu, na mitaa yetu ya zamani ikabaki na wapangaji wasio na sababu ya kupaka hata chokaa.

Kwa miaka mingi sheria ilisema kiwanja kitupu hakina bei, kinacholipwa ni maendelezo yaliyo juu yake. Watu waliuziana hata hivyo, wakiandika mikataba ya kuuza mwembe na msingi. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 ndiyo iliyokiri kwamba ardhi ina thamani, ingawa yote inabaki mali ya umma chini ya Rais na mtu anapewa hati ya miaka 33, 66 au 99. Zanzibar imekwenda mbele zaidi: tangu sheria ya mwaka 2010 mgeni anaweza kununua fleti, na pale Fumba nyumba zinatangazwa kwa wateja wa Ulaya na Ghuba. Huko sasa bei zinawakimbia wenyeji.

Tabora nayo inaanza kuchangamka. Reli ya SGR inajengwa kutoka Makutupora kuja Tabora, na kutoka hapa kwenda Isaka na Kigoma. Madalali wamekwisha kuzijua habari zake. Anayenunua nyumba ya zamani mitaa ya katikati anakutana na historia yote hii kwa siku moja: hati iliyo kwa jina la babu aliyekufa zamani, warithi waliotawanyika hadi Kigoma na Muscat, mpaka unaoonyeshwa kwa mwembe, na mjane ambaye jina lake halimo popote. Sheria inasema nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, na mali ya marehemu haiuzwi na mtoto mmoja aliyebaki na funguo. Muuzaji mwenye haraka ya kuyaruka hayo atiliwe mashaka.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wauzaji wengi hawalijui. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango na miimo ya nakshi iliyochongwa nchini kabla ya mwaka 1940, na haipaswi kuuzwa wala kutolewa nje ya nchi bila kibali. Njia kuu ya misafara, kuanzia Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Kwihara hadi Ujiji, imo katika orodha ya awali ya Tanzania huko UNESCO tangu mwaka 2006, lakini orodha hailindi nyumba ambayo mwenyewe keshaiuza kwa vipande.

Ndugu msomaji wa Tabora na Ujiji, kama kwenu kuna hati ya zamani, iwe ya Kiarabu, ya Kijerumani au stakabadhi ya kodi ya enzi za Mwingereza, usiichome wala usimpe dalali. Ipige nakala, wapelekee Hifadhi ya Nyaraka, wewe ubaki na ya kwako. Na ukiuza nyumba, mlango uuache pale ulipo.