Mitumbwi ya Kale na Dagaa wa Ziwa Letu

Ziwa letu la Tanganyika mnalifahamu. Sisi wa Kalemie tukifungua mlango asubuhi twaliona, na jioni twala samaki wake. Walakini habari zake za kale wengi hawazijui, na vijana hudhani ya kuwa mashua za moteri na taa za betri zilikuwako tangu mwanzo. Basi na tueleze kidogo jinsi wazee walivyosafiri na walivyovua. Mambo hayo mawili hayatengani, maana mtumbwi ulikuwa mmoja.

Ziwa lina urefu wa kilomita 670 hivi, na upana wa kilomita 50 tu. Kina chake chapita meta 1,400. Mtu akitazama ramani atasema, "Ujiji ni karibu, tuvuke." Wazee hawakusema hivyo. Waliandama ukingo, kutoka rasi hata rasi, na kuvuka walivuka pale tu walipojua penyewe, tena hali ya hewa ikiwa njema. Upepo ukivuma, waliuvuta mtumbwi mchangani, wakawasha moto, wakapika ugali, wakangoja. Pengine siku moja, pengine tano. Mitumbwi mikubwa ilichongwa kwa gogo moja, na mingi ya ile iliyotumika Ujiji ilitoka kwetu magharibi, katika misitu ya Ugoma.

Wageni nao walifundishwa kungoja. Mwaka 1858 Waingereza Burton na Speke walifika Ujiji. Mwezi wa Machi Speke akavuka kwa mtumbwi hata visiwa vya upande wetu, akitaka kukodi jahazi la Mwarabu mmoja. Usiku mmoja wa dhoruba mdudu akamwingia sikioni. Akajaribu kumtoa kwa kisu, akajiumiza, akawa kiziwi wa sikio hilo kwa muda mrefu. Na jahazi hakulipata! Mapadri Weupe wa kwanza walitoka Bagamoyo mwezi wa Juni 1878, wakafika Ujiji Januari 1879. Padri mmoja alikufa njiani. Baadaye, mwaka 1883, Mbelgiji Storms alivuka kutoka Karema akajenga boma Mpala, kusini ya Kalemie, na mwaka 1885 boma hilo likatolewa kwa Mapadri. Watu wengi wa misheni zetu za kale waliletwa na kasia.

Lakini tusiisifu mno safari ya polepole. Mitumbwi hiyo hiyo, na majahazi pamoja nayo, ilivusha watumwa hata Ujiji, wakaendelea kwa miguu mpaka pwani ya bahari. Ndiyo sababu Kapiteni Joubert alikaa Mpala na baadaye Mrumbi na bunduki zake, na ndiyo sababu Kapiteni Jacques alijenga ngome ya Albertville mwishoni mwa mwaka 1891. Mji wetu ulichukua jina hilo, ukaitwa hivyo mpaka ulipoitwa Kalemie.

Sasa tuseme habari za uvuvi. Samaki aliyelisha watu wengi kuliko wote si sangala wala kuhe, bali ni dagaa, mdogo kuliko kidole. Mchana hushuka chini majini. Usiku hupanda, naye hupenda mwanga. Wazee walijua hayo. Usiku wa giza walitundika moto wa kuni mbele ya mtumbwi, dagaa wakakusanyika, na mvuvi akawachota kwa lusenga, wavu wa mfuko wenye duara la mti na mpini mrefu. Mwezi ukiwa mpevu kazi ilisimama, maana moto wa mtu haushindani na mwezi. Huko kaskazini ya dunia, Alaska na Norwe, watu wa pwani hungoja majira ya samaki salmoni kupanda mito. Kalenda yao ni ya mwaka. Yetu ilikuwa ya mwezi.

Tena mambo yakabadilika upesi. Mwaka 1915 reli kutoka Kabalo ilifika ziwani. Baada ya vita meli zilizidi, na samaki mkavu akapata njia ya kwenda mbali, hata kwenye migodi ya Katanga. Miaka ya 1950 zikaja taa za mafuta za kupampu, na nyavu pana za kushushwa katikati ya mitumbwi iliyofungwa pamoja. Wagiriki wakaleta meli za nyavu za kuzungusha. Mtumbwi mmoja wenye lusenga ulijaza vikapu. Meli hizo zilipima kwa tani.

Leo wavuvi wetu walalamika: wanakaa usiku kucha, wanarudi na kidogo. Wengine wamlaumu jirani mwenye nyavu za matundu madogo, na hawakosei. Lakini wataalamu wameonyesha jambo jingine pia. Chakula cha dagaa hutokana na mbolea iliyo chini ziwani, na upepo mkali wa kusini ndio unaoikoroga na kuipandisha. Maji ya juu yakizidi kupata joto, hayachanganyiki vema na ya chini, basi chakula chapungua.

Kwa hiyo nchi zinazozunguka ziwa zilipatana kulifunga miezi mitatu kwa mwaka, na mwaka 2024 agizo likaanza: tarehe 15 Mei hata 15 Agosti. Tumesikia manung'uniko mengi mwaloni. Mama anayeanika dagaa mchangani atalipa nini karo ya shule? Mwenye deni la moteri atamwambia nini mdai wake? Maswali hayo ni ya haki, na serikali isiyoyajibu isishangae ikiona taa ziwani usiku.

Na safari bado ina hatari yake. Desemba 2014 meli Mutambala ilizama katika ziwa hili, na watu zaidi ya 100 wakafa. Watu hupanda mashua zilizojaa kupita kiasi kwa kuwa kesho hakuna nyingine, na nahodha haambiwi ngoja.

Twaona jambo moja katika tarehe hizo. Kutoka Mei hata Agosti ndiyo miezi ya upepo wa kusini, ule unaokoroga maji. Nao wazee wa ukingo huu, upepo ukivuma, waliivuta mitumbwi mchangani wakangoja.