Afisa Ustawi wa Jamii (Singida)

Afisa ustawi wa jamii ni mtumishi wa halmashauri anayeshughulikia, pamoja na mengine, mashauri ya wanawake wanaofanyiwa ukatili na waume au wenzi wao. Mkoa wa Singida una halmashauri saba: Manispaa ya Singida, Singida, Iramba, Mkalama, Ikungi, Manyoni na Itigi. Mwanamke aliyepigwa husikilizwa faraghani, kisha huelekezwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, anakopewa fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu na ushahidi. Kikwazo kikubwa ni usuluhishi wa kifamilia, ambao huweza kumrudisha nyumbani kabla usalama wake haujahakikishwa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inakataza kumwadhibu mwenzi kwa kipigo.