Klachi ikilalama, pima kwanza kabla ya kushusha giaboksi

KWA dereva anayeishi Likoni na kufanya kazi kisiwani Mombasa, klachi ni miongoni mwa viungo vya gari vinavyoteseka zaidi. Foleni ya feri husonga hatua chache, ikasimama, kisha ikasonga tena. Baada ya hapo huja mteremko wa kuingia chomboni na mwinuko wa kutokea ng'ambo, ambao huwa mkali zaidi maji yanapokupwa.

Hali haitofautiani sana Changamwe, ambako magari madogo hujipenyeza kati ya malori yanayoelekea bandari ya Kilindini, wala Kisauni, ambako foleni ya asubuhi huelekea Daraja la Nyali. Si ajabu basi kwamba kauli ya "klachi imekwisha" husikika mara kwa mara katika gereji za jua kali.

Tatizo ni kuwa kauli hiyo mara nyingine hutolewa kabla gari halijapimwa. Kushusha giaboksi ni kazi ya saa nyingi na gharama kubwa, ilhali dalili zile zile zaweza kuletwa na waya uliolegea au mafuta yaliyopungua, hitilafu ambazo hurekebishwa bila kugusa giaboksi. Mwenye gari anayezifahamu dalili hizo huepuka kulipia kazi ambayo gari lake halikuihitaji.

Inavyofanya kazi

Klachi huunganisha injini na giaboksi. Sehemu zake kuu ni tatu: sahani ya klachi yenye utando wa msuguano pande zote mbili, presha pleti inayoibana sahani hiyo dhidi ya gurudumu zito la injini liitwalo flaiwili, na beringi inayosukuma presha pleti ili kuiachilia sahani.

Dereva akikanyaga klachi, sahani huachiliwa na nguvu ya injini haifiki kwenye magurudumu. Akiinua mguu, sahani hubanwa tena na gari huenda. Kanyagio nalo huunganishwa na klachi kwa njia moja kati ya mbili: waya wa chuma, kama katika baadhi ya magari madogo ya zamani, au mafuta yanayosukumwa kutoka silinda ya juu, karibu na kanyagio, hadi silinda ya chini, kwenye giaboksi.

Dalili na vipimo vyake

Dalili ya kwanza ni kuteleza. Dereva huongeza mafuta, injini ikavuma kwa nguvu, lakini mwendo hauongezeki. Hali hii huanza kuonekana gari likiwa katika gia ya juu au likipanda mlima, na huandamana na harufu ya kitu kinachoungua.

Ili kuthibitisha, gari huwekwa mahali tambarare pasipo na mtu mbele wala nyuma, breki ya mkono ikavutwa barabara na breki ya mguu ikakanyagwa. Injini ikiwa imepata moto, dereva huingiza gia ya tatu na kuiachilia klachi polepole. Klachi nzima huizima injini papo hapo. Injini ikiendelea kunguruma, sahani inateleza. Kipimo hiki kisirudiwe mara nyingi, kwani huichoma klachi.

Dalili ya pili ni klachi kutoachia. Gia huingia kwa shida, hasa ya kwanza na ya nyuma. Kipimo chake ni kukanyaga klachi hadi mwisho injini ikiwa imewaka, kusubiri sekunde chache, kisha kuingiza gia ya nyuma. Meno yakikwaruzana, sahani bado inazunguka pamoja na injini. Hapa ndipo wengi hukosea: hitilafu hii mara nyingi haitokani na sahani, bali hutokana na waya au mafuta.

Dalili ya tatu ni kelele. Sauti ya kukwaruza inayosikika klachi ikikanyagwa na kupotea mguu ukiinuliwa huelekeza kwenye beringi ya klachi. Sauti inayosikika mguu ukiwa juu na kunyamaza klachi ikikanyagwa huelekeza kwenye beringi ya shafti ya giaboksi, ambayo haitatibiwa kwa kununua klachi mpya.

Dalili ya nne ni gari kutetemeka linapoondoka. Chanzo chaweza kuwa oili iliyovujia kwenye sahani au flaiwili iliyoungua. Hata hivyo, raba zinazoishikilia injini zikikatika, gari hutetemeka vivyo hivyo, nazo hukaguliwa kwa kufungua boneti tu.

Anza na kilicho rahisi

Katika gari la waya, kanyagio likishinikizwa kwa kidole linapaswa kushuka kidogo, kwa kawaida sentimita 1 hadi 3, kabla halijaanza kuwa zito. Kadiri sahani inavyolika, ndivyo nafasi hiyo inavyopungua. Ikiisha kabisa, presha pleti haibani sawasawa na klachi huteleza. Ikizidi, klachi haiachii. Katika magari mengi ya aina hii, nati iliyo mwishoni mwa waya ndiyo hutumika kurekebisha. Waya wenyewe hukaguliwa kwa makini, maana chumvi ya hewa ya pwani huleta kutu, na nyuzi zake hukatika moja baada ya nyingine hadi siku waya wote unapokatika barabarani.

Katika gari la mafuta, jambo la kwanza ni kutazama kiwango katika kopo lake. Mafuta hayo hayaliki kama petroli. Yakipungua sana kwa ghafla, pana mahali yanapovuja. Fundi akague sakafu chini ya kanyagio na mpira wa silinda ya chini. Kanyagio likiwa jepesi, kisha likapata nguvu baada ya kukanyagwa mara kadhaa mfululizo, kuna hewa ndani au mipira ya silinda imechakaa. Dawa ni kubadilisha mipira au silinda, kisha kutoa hewa.

Mafuta yanayotumika ni ya breki, ya daraja lililoandikwa kwenye kifuniko. Oili ya injini haifai kamwe, kwa kuwa huivimbisha mipira na kuiharibu. Aidha, mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewani, hivyo mkebe uliokaa wazi muda mrefu haufai kutumiwa.

Giaboksi ikilazimika kushushwa

Vipimo vikithibitisha kuwa sahani imekwisha, waya wa betri wa upande hasi huondolewa kwanza. Gari huinuliwa na kuegemezwa kwenye stendi imara. Fundi asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Ni busara kubadilisha sahani, presha pleti na beringi kwa pamoja, kwa sababu kazi ya kuvifikia ni ile ile. Flaiwili yenye mikwaruzo hupelekwa kukerezwa, na yenye nyufa hubadilishwa. Sili ya oili iliyo nyuma ya injini ikaguliwe pia. Ikivuja, sahani mpya itaharibika kama ya zamani.

Vumbi lililo ndani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa mashine ya upepo. Sahani nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, madini yanayosababisha saratani ya mapafu. Hupanguswa kwa kitambaa kilicholoweshwa.

Sahani huwekwa upande sahihi na kusawazishwa katikati kwa kifaa maalum au shafti kuukuu ya giaboksi, la sivyo giaboksi haitaingia. Bolti za presha pleti hukazwa kidogo kidogo kwa kupishana. Mwisho, oili ya giaboksi hurudishwa kwa kipimo.

Tabia ya mguu

Klachi mpya haidumu kwa dereva asiyebadilisha mazoea. Kulizuia gari kwenye mwinuko kwa klachi iliyoachiliwa nusu huichoma sahani kwa dakika chache. Kuuacha mguu juu ya kanyagio safari nzima huilainisha presha pleti na kuichakaza beringi.

Kwenye foleni ya feri, gari liwekwe katika gia huru na breki ya mkono ivutwe. Hili ni suala la uhai pia. Mnamo Septemba 29, 2019, gari lilirudi nyuma na kutumbukia baharini kutoka feri ya MV Harambee katika kivuko cha Likoni. Mama na mtoto wake wakafariki, na gari likaopolewa baada ya siku 12. Ndani ya feri, breki ya mkono ivutwe barabara na injini izimwe, lakini gia iachwe imeingizwa.

Dereva anayehisi klachi inateleza asisubiri hadi mwinuko wa feri umkatae huku magari yakiwa nyuma yake. Dakika 10 za kupima gari mahali tambarare zitamwonyesha kama anahitaji spana moja tu ama klachi mpya.