Lipu na Chokaa katika Nyumba Kuukuu za Jinja na Mbale

Ajifunzaye historia ya miji ya mashariki ya Uganda kwa kawaida huanzia vitabuni. Sisi twamshauri aanze na kuta. Katika barabara kuu ya Jinja, na katika mitaa ya kale ya Mbale, zingali zimesimama nyumba za matofali, duka mbele na makazi nyuma au ghorofani, zilizojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini. Juu, karibu na paa, baadhi yake zina jina la mwenyewe na mwaka wa ujenzi, si kwa rangi, bali kwa herufi za lipu zilizotokezwa ukutani. Lipu hiyo ikibomoka, hati imepotea.

Fedha ya ujenzi huo ilitokana zaidi na pamba. Mwaka 1912 reli ya Busoga ilifunguliwa kutoka Jinja hadi Namasagali, na pamba ikapata njia ya kufika ziwani. Mbale nayo, iliyoanza kama makao ya Semei Kakungulu mwanzoni mwa karne hiyo, ikawa soko la nchi yote iliyo chini ya Mlima Elgon.

Kisha ikaja Agosti 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke. Nyumba zao zikawekwa chini ya bodi ya serikali, zikapangishwa. Mpangaji asiye na hati hana sababu kubwa ya kutengeneza paa la mtu mwingine. Mabati yakatoboka, milizamu ikaziba, maji yakateremka ndani ya kuta mwaka baada ya mwaka. Sheria ya kurudisha mali ilipitishwa mwaka 1982, lakini wengi walirudishiwa majengo yao katika miaka ya 1990 tu, na waliyoyakuta yalikuwa yamekwisha kulowa.

Hapo ndipo saruji ilipofanya madhara yake. Sisi walimu hatuchoki kuwafundisha watoto kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini methali haisemi ufa uzibwe kwa nini! Tofali kuukuu hunywa maji ya ardhini, na lipu ya chokaa huyaacha yatoke hewani polepole. Ukutani humo ukipigwa lipu ya saruji, kisha rangi ya mafuta, maji hukosa mlango. Hupanda juu zaidi, yakichukua chumvi, na chumvi ikiganda nyuma ya rangi huisukuma mpaka ivimbe na kupukutika. Mwenye nyumba huona unga mweupe, akapaka rangi nyingine, na mwaka ujao hurudia.

Fundi mwashi ajuaye kazi haanzi na mwiko. Huanza nje: hutazama mlizamu, huchimbua udongo uliorundikana kupita kimo cha sakafu, hulielekeza mbali na msingi maji ya mvua. Ndani, hugonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Panapolia kitupu, huibandua lipu mpaka afike penye uzima. Chumvi huipangusa kwa brashi kavu, kwani akiiosha ataiyeyusha irudi tofalini. Halafu husubiri. Kungoja huku ndiko wenye nyumba wasikokupenda, hasa Mbale, ambako mvua za mlimani ni nyingi na mto Nabuyonga wapita katikati ya mji. Mafuriko ya mwishoni mwa Julai 2022 yaliua watu na kuziingia nyumba nyingi. Ukuta mnene uliolowa hauwezi kukauka kwa juma moja.

Ukikauka, hupigwa lipu ya chokaa sehemu moja kwa mchanga sehemu tatu, tabaka nyembamba, kila moja ikinyunyiziwa maji isipasuke kwa jua. Rangi yake ni chokaa iliyozimuliwa, ipakwe mara tatu au nne, nyepesi kama maziwa.

Herufi na tarakimu za juu zataka uangalifu wa peke yake. Kabla nyundo haijainuliwa zipigwe picha, na umbo lake linakiliwe kwenye karatasi. Zilizolegea zisibanduliwe: hushikizwa kwa uji wa chokaa utiwao nyuma yake kwa bomba la sindano, kidogo kidogo, huku ubao ukizishikilia kwa mbele mpaka uji uwe mgumu.